Boksi la Spana 40 na Bolti Moja ya Oili

Jumamosi ile nilikuwa na kila kitu isipokuwa subira. Karai lilikuwa tayari chini ya injini, chupa ya oili mpya imesimama kando ya ukuta, na boksi jekundu la spana vipande 40, nililolinunua wiki hiyo kwa machinga aliyepita ofisini, limefunguliwa juu ya gunia. Pikipiki nilikuwa nimeizungusha mtaani dakika kumi ili oili ipate moto na iwe nyepesi kutoka. Kazi yenyewe haimalizi robo saa: unafungua bolti moja chini ya injini, oili chafu inamwagika, unafunga, unajaza mpya. Nikaweka spana namba 17, nikavuta. Spana ikapanua mdomo kama mtu anayepiga miayo, ikateleza, na vidole vyangu vikaishia kwenye bomba la moshi lililokuwa la moto. Nikaweka tena. Nikavuta kwa hasira. Mara ya tatu bolti haikuwa na pembe sita tena. Ilikuwa mviringo unaong'aa kama pete.

Dogo wa kijiweni, ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa akinimwagia oili, alikuja na nyundo na soketi moja mfukoni. Akachuchumaa, akaipapasa bolti kwa kidole gumba, akacheka kwa adabu. "Kaka, hii umeshaila." Akachagua soketi ya kona sita, ndogo kwa namba moja kuliko bolti, akaigongelea kwa nyundo hadi ikang'ata, akazungusha. Ikatoka. Nikanunua bolti mpya na washa yake, nikampa dogo chake, na kijiweni nikapewa jina la Fundi Vipande 40, ambalo halijafutika hadi leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta spana, moja moja, kwa fedha ambazo sipendi kuzijumlisha. Na kila ninayemwambia hivyo huniuliza swali lile lile: kwa nini ujisumbue? Dar es Salaam fundi pikipiki hakosekani. Chini ya kila mwarobaini wenye kijiwe cha bodaboda yupo mmoja mwenye kopo la spana, na oili anamwaga wakati wewe unamalizia kikombe cha kahawa.

Ni kweli. Lakini nimekaa kwenye vijiwe hivyo vya kutosha kujua hesabu ya fundi. Asubuhi ana pikipiki sita mbele yake, na kila dereva anahesabu abiria anaowakosa. Spana zake lazima zihudumie Boxer, TVS, Toyo, SanLG na chochote kitakachosukumwa pale kabla ya jua kuzama. Namba 12 yake imeshafungua nati elfu kadhaa na mdomo wake umelegea. Anajua hivyo, na mkono wake umeshajifunza kuikamata kwa namna ya kuziba ule ulegevu. Mimi mkono wangu haujajifunza. Ila nina vitu viwili asivyo navyo: Jumamosi nzima, na pikipiki moja tu.

Hiyo pikipiki moja ndiyo siri yote. Boksi la vipande 40 limetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana mwenye chombo kisichojulikana. Ndani yake mlikuwa na spana za inchi ambazo hazina bolti hata moja ya kufungua kwangu, vichwa vya bisibisi kumi na kitu vya maumbo ya nyota za angani, na soketi namba 7 ambayo mpaka sasa sijaipatia kazi. Nilipotulia, nilichukua karatasi na kalamu, nikaizunguka pikipiki kama karani wa sensa. Bolti za vifuniko: 8. Bolti nyingi za mwili na injini: 10. Nyingine 12 na 14. Bolti ya oili 17. Ekseli ya nyuma 19. Plagi ina kichwa cha 18. Basi. Chombo kinachonipeleka kazini kila siku kinafunguka karibu chote kwa namba saba.

Zamani pikipiki za Kijapani zilikuja na jibu hilo ndani yake. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, akiendesha Honda ya idara, na nyuma ya kifuniko cha pembeni kulikuwa na mfuko mdogo uliokunjwa na kufungwa kwa kamba. Ndani: spana fleti mbili, moja 10 kwa 12, nyingine 14 kwa 17, bomba la kufungulia plagi, bisibisi ya kugeuza, bapa upande huu na nyota upande ule, na plaizi. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa kuliko tulivyokatazwa kugusa redio. Chuma cha spana zile hakikuwa cha ajabu, lakini aliyezichagua alikuwa anaijua pikipiki ile bolti kwa bolti. Pikipiki nyingi za leo ukizinunua mkononi mwa mtu, kitu cha kwanza kukuta hakipo ni mfuko huo.

Nikaenda Gerezani. Pale pembeni ya Kariakoo, kwenye kelele za nyundo na cheche za kuchomelea, ndipo watu wa Dar es Salaam wanapopata chuma cha kila namna, kipya na kilichokwisha kutumika. Nilifika kwenye meza ya mzee mmoja iliyopangwa spana kwa ukubwa, kama dagaa sokoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Natafuta seti ya spana za pikipiki."

Akanitazama mikono, si usoni. "Umekuja na nati?"

Sikuwa nayo. "Unanunuaje kiatu, mguu umeuacha nyumbani?" Akavuta kopo chini ya meza, akatoa bolti mpya yenye kichwa cha 10, akanipa pamoja na spana ringi tatu zilizoandikwa 10 zote. Akaniambia nivishe kila moja na kuitikisa. Ya kwanza ilicheza kama meno ya mzee. Ya pili ilicheza kidogo. Ya tatu iliingia kwa shida kidogo, kisha ikatulia, haikwenda kulia wala kushoto. Zote zilikuwa na maneno yale yale ya Kiingereza yaliyopigwa muhuri kwenye mpini, ya kusema ni chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi. "Maandishi hayo," mzee alisema, "bolti haijui kusoma."

Nilinunua ile ya tatu. Ilikuwa imetumika, ya Kijerumani, na imechakaa rangi tu. Tangu hapo siendi kununua spana bila bolti mfukoni: moja ya kichwa cha 10 na moja ya 12, mpya, zisizolika. Askari wa getini ofisini ameshanizoea.

Na namba zenyewe zina utani wake. Bolti yenye unene wa milimita 8 Wajapani huivisha kichwa cha 12. Wazungu wa Ulaya bolti hiyo hiyo huivisha kichwa cha 13. Ukiwa na pikipiki ya mtindo wa Kijapani iliyowahi kupita kwa mafundi kadhaa, waliokuwa wakibadilisha bolti kwa kile kilichokuwemo kwenye kopo, utakuta 12 upande wa kulia na 13 upande wa kushoto wa kitu kimoja. Usiione spana imelegea ukadhani ni mbovu. Pengine ni bolti iliyohamia kutoka kwenye gari la mtu. Ndiyo maana nilikuambia karani wa sensa.

Turudi kwenye ile bolti niliyoila. Kosa la chuma laini lilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa yangu. Spana fleti, ile ya mdomo wazi, hushika bolti kwenye nyuso mbili tu kati ya sita, na ukivuta, nguvu yote hukimbilia kwenye pembe mbili. Ikiwa mdomo umepanuka hata kwa unene wa karatasi chache, pembe hizo ndizo zinazolika. Spana ringi huizunguka bolti yote. Hata ringi na soketi hazilingani: za kona kumi na mbili huingia haraka kwenye sehemu yenye nafasi finyu, lakini za kona sita ndizo zinazokumbatia. Bolti ngumu au iliyoshika kutu ianze kwa kona sita. Fleti ije baadaye, bolti ikishalegea, kuizungusha kwa raha. Mimi nilianza na fleti kwenye bolti iliyokazwa na mtu mwenye mikono ya kubeba zege.

Kuhusu spana ile inayojirekebisha mdomo, ambayo mafundi wetu wameipa jina lisiloandikika vizuri kwenye gazeti la familia kwa sababu haichagui nati, maoni yangu ni mafupi: uwe nayo kwa ajili ya bomba la jikoni.

Nilichokipenda kuliko vyote kimetoka kwa vijana wa kijiweni wenyewe. Spana ya T, ile yenye mpini wa msalaba na soketi chini. Namba 8, 10, 12 na 14. Mkono mmoja unasukuma chini, vidole vya mkono mwingine vinazungusha mpini kama pia, na kifuniko kinatoka kabla hujakaa vizuri. Juu yake mpini ni mfupi kiasi kwamba huwezi kukaza kwa uchungu wa kodi ya nyumba. Racheti ni nzuri, nami ninayo, lakini kwa pikipiki ndogo T namba 10 itakuwa mkononi mwako muda mwingi kuliko zana nyingine zote zikijumlishwa.

Bisibisi ndiyo iliyonishangaza. Vifuniko vya pembeni vya injini nyingi ndogo hufungwa kwa skrubu za nyota (parafujo, kwa waliosoma Kiswahili cha zamani, neno hilo tumerithi kwa Wareno), na karibu kila pikipiki iliyotumika ina skrubu mbili tatu ambazo nyota yake imegeuka shimo. Nilidhani ni ukali wa mafundi. Kumbe kuna nyota mbili zinazofanana kama mapacha.

Moja ni ile ya Mmarekani Henry Phillips, iliyopewa hataza miaka ya 1930 na kuingia haraka kwenye viwanda vya magari ya Marekani. Kingo zake zina mteremko. Ukizidisha nguvu, bisibisi hupanda na kuruka nje. Kiwandani haikuwa shida. Nyingine ni ya kiwango cha Japani, kifupi chake JIS, ambayo kingo zake zimesimama zaidi na ncha ya bisibisi yake ni butu zaidi, hivyo hukaa chini kabisa ya nyota. Bisibisi ya Phillips ukiiweka kwenye skrubu ya JIS, haifiki chini. Inashika juu juu, unasukuma, inaruka, na kila inaporuka inanyoa kingo. Skrubu nyingi za Kijapani zimewekewa alama: kitone kidogo kwenye kichwa, pembeni mwa nyota. Nilipojua hivyo nilikwenda kuangalia pikipiki ya jirani, Yamaha kuukuu ya shirika fulani la maji. Vitone vilikuwepo. Alikuwa ameendesha miaka saba bila kuviona, na nadhani alikasirika kidogo kwamba nilivionyesha mimi.

Bisibisi ya JIS namba 2 na namba 3 haziko kwenye kila meza. Namba 3 hasa, kubwa kuliko ile ya umeme wa nyumbani, ndiyo inayohitajika kwenye skrubu za vifuniko vya injini, na ndiyo watu hawanayo. Wanatumia namba 2 kwa sababu inaingia. Kuingia si kukaa. Kwa skrubu zilizogoma kuna bisibisi ya kugonga: gimba la chuma lenye springi ndani, ambalo ukilipiga nyundo kichwani hushindilia ncha ndani ya nyota na papo hapo kuizungusha kidogo. Mara ya kwanza niliigonga kwa woga kama ninayebisha hodi kwa mkwe. Haikusogea. Ya pili nikapiga kama fundi. Skrubu iliyokuwa imelala pale tangu kiwandani ikalegea kwa mlio mmoja mkavu, na mke wangu akatoka jikoni kuuliza nimevunja nini.

Zana nilizochelewa kuzinunua, na ambazo sasa nadhani zingetangulia, hazifungui chochote. Zinapima.

Injini ya pikipiki yangu ni ya Kichina, lakini ukoo wake ni Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wamezitazama pikipiki zao zilivyokuwa zikitumika kwenye nchi zinazoendelea: mizigo kupita kiasi, vumbi, na oili isiyobadilishwa mpaka igeuke lami. Injini zenye kamushafti kichwani zilikuwa zikiteseka kwa kukosa oili safi huko juu. Wakaishusha kamushafti chini, karibu na oili, na kuzisukuma valvu kwa vijiti virefu. Ni injini iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiyejali. Viwanda vingi vya China viliinakili, na vizazi vyake ndivyo vinavyobeba magunia ya mkaa na wanafunzi watatu watatu barabarani kwetu. Mwenye kuibuni alijua tabia zetu kabla hatujainunua.

Hata hivyo kuna jambo moja hawakuweza kuliondoa: tapeti. Kati ya mkono unaobonyeza valvu na shina la valvu lazima pawe na upenyo, injini ikiwa baridi, na kwa CG125 upenyo huo ni milimita 0.08, valvu ya kuingizia na ya kutolea sawasawa. Ni kama unene wa unywele. Kijiweni hupimwa kwa sikio na kwa kutikisa kwa vidole: fundi anakaza mpaka kelele inyamaze. Mteja anafurahi, injini imetulia kama saa. Lakini upenyo ukiisha kabisa, valvu haifungi vizuri injini ikipata moto, na valvu isiyofunga haina pa kupozea joto lake. Inaungua taratibu, na nguvu ya pikipiki inapungua mlima kwa mlima mpaka siku mwenyewe anapoambiwa kichwa kimekufa. Tapeti inayolia kidogo inakusumbua wewe. Iliyonyamaza inaisumbua injini.

Dawa yake ni fila geji, kifungu cha majani membamba ya chuma kama kisu cha kukunja, kila jani limeandikwa unene wake. Ile ya kwanza niliyoiona dukani ilianzia 0.10, haikunifaa, tazama jani jembamba kuliko yote kabla ya kulipa. Unatoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, unazungusha magneti mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha, unahakikisha mikono yote miwili ya valvu imelegea (isipolegea, zungusha mzunguko mmoja tena), kisha unapitisha jani. Linatakiwa lipite kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kinachotolewa kwenye siagi ya jokofuni. Kuna kiskrubu cha kurekebishia na nati ya kukifunga, na ubaya wote uko hapo: ukikaza nati, kiskrubu huzunguka nayo na kipimo kinaharibika. Mara ya kwanza nilirudia mara kumi na moja. Niliishia kununua ufunguo mdogo wa tapeti wa kukishikilia kiskrubu, kitu cha ukubwa wa kidole, na sasa narudia mara mbili tu.

Fila geji hiyo hiyo hupima mwanya wa plagi. Plagi ya CG125 ni ya aina ya D8EA kwa hesabu za NGK, mwanya wake milimita 0.6 hadi 0.7, na bomba lake la kufungulia ni namba 18, siyo lile la 16 wala la 21 utakalokuta kwenye seti nyingi. Kuna pia geji ya upepo, ya bei ya sahani mbili za chipsi, ambayo imenifundisha kwamba kidole gumba changu, nilichokiamini miaka yote kubonyezea tairi, ni mwongo mkubwa.

Wenzangu waliosoma sana huniuliza kuhusu spana ya kupimia ukazaji, ile yenye mshale au inayolia ikifika. Ninaitamani. Sijainunua. Bolti ndogo ya kichwa cha 10 inataka mkazo wa kama Nyutoni-mita 10, na hiyo ni nguvu ya kubeba kilo 4 mwishoni mwa mpini wa sentimita 25. Kilo 4! Ni mfuko wa sembe na mabaki yake. Ukishika mpini mrefu na kukaza "mpaka usikie imeshika", umepita zamani, na injini ni alumini: thredi zake, au hesi kama wanavyotaka wa kamusi, huvutika na kutoka kama uzi wa sweta. Kinachofuata ni fundi mashine, kutoboa na kutia bushi. Mpaka nitakapoinunua, nashika spana karibu na kichwa, vidole vitatu, basi. Nilifanya mazoezi kwa kuning'iniza dumu la maji la lita 4 kwenye mpini ili mkono ujue uzito wake. Watoto waliniona nimechanganyikiwa.

Yapo niliyoamua yasiingie nyumbani kwangu. Vyuma vya kutolea tairi, kwanza. Nilivinunua, nikaziba pancha moja na kutoboa mbili kwa kubana tyubu na chuma chenyewe. Fundi pancha yuko mita 200 kutoka getini na ana maisha yake ya kuendesha. Vyuma nimempa yeye. Pula ya magneti nayo ni ya kuazima, kwa sababu kazi yake inatokea mara moja kwa miaka kadhaa. Kukaza cheni hakuhitaji zana ya pekee: spana mbili za ekseli na rula ya shule, cheni icheze milimita 20 hadi 30 pale katikati, ukipimia sehemu iliyokaza zaidi. Ila ukifungua kiungo chenye klipu, rudisha klipu upande uliozibwa ukitangulia kule cheni inakoelekea. Nimewahi kuirudisha kinyume. Iliruka Tabata Relini, saa moja jioni, kwenye foleni.

Zana nyingine zote zilikuwa nyumbani tayari. Dumu la oili ya kupikia la lita 5, likikatwa ubavu, ni karai bora kuliko karai. Mswaki wa zamani na mafuta ya taa kwa cheni. Kreti la soda chini ya injini kwa pikipiki iliyopoteza stendi ya katikati. Tochi ya kichwani. Oili chafu haimwagwi mtaroni. Jirani yangu fundi seremala anaichukua yote na kuipaka mbao zake dhidi ya mchwa, na kwa malipo hunichongea vishikizo. Na kitambaa chenye oili kidogo cha kupangusia kila spana kabla haijalala, maana huku pwani, kwa hewa hii ya chumvi, spana nzuri iliyoachwa barazani msimu mmoja wa masika inaota sharubu.

Kisha kuna kuazimwa. Spana ikitoka getini inapata miguu. Namba 10 zangu mbili zilishahama, moja nikaja kuikuta kijiweni ikijibu jina la mtu mwingine. Siku hizi kila zana yangu ina mstari wa rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva, niliyoichukua bila ruhusa kwenye meza ya kioo. Hakuna mwanamume wa kijiwe kile anayeweza kudai kwamba ile ni yake.

Jumapili iliyopita, dogo alisimama getini akiwa na pikipiki ya mteja, kifuniko cha valvu kimeshatolewa, mikono imejaa oili.

"Kaka, nisaidie kile kisu chako."

"Kisu gani?"

"Kile cha majani majani. Huyu mteja kaniambia mafundi wawili wameshakaza tapeti, na pikipiki bado haipandi mlima."

Nikaenda ndani, nikaitoa kwenye kitambaa chake, fila geji yenye mstari mwekundu. Nikaishika mkononi muda kidogo. Halafu nikavaa ndala, nikafunga geti, nikaenda nayo mwenyewe.